Mpiga picha amenifutia kovu bila kuniuliza, ndipo nikagundua nalitaka

Nyuzi31 (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Juzi nilikwenda kupiga picha ndogo za pasi ya kusafiria. Kijana wa studio alikuwa mpole, akaninyooshea kola, akaniambia nipandishe kidevu, akapiga. Nikasubiri nje kama dakika kumi. Aliponikabidhi zile picha nikahisi kuna kitu hakiko sawa, kama mtu aliyeingia chumbani kwake gizani akakuta meza imehamishwa. Nikaziangalia tena. Kovu halimo.

Kwa msiojua (na mtajuaje): nina kovu linaloanzia chini ya sikio la kushoto, linafuata taya, linakata kona na kushuka shingoni hadi karibu na mtulinga. Kioo cha gari, miaka tisa iliyopita. Nyuzi thelathini na moja, ndiyo asili ya jina langu humu.

Kijana alikuwa amelifuta lote kwa kompyuta. Shingo imenyooka kama karatasi. Nilipomuuliza akatabasamu: "Nimekusafisha kidogo dada, hiyo wala sikutozi."

Kilichonishangaza si yeye. Ni mimi. Miaka minne ya mwanzo ningempa chochote mtu wa kunifutia. Nilijifunga mtandio hata jua likiwaka. Nikiingia mahali nilikuwa natafuta kiti ambacho ukuta uko kushoto kwangu. Picha zangu zote za kipindi kile nimegeuza uso upande mmoja, kama sura ya kwenye sarafu. Na siku hiyo nimepewa bure nilichokililia miaka yote ile, nikasikia hasira. Yule wa kwenye picha ni mrembo kunizidi, sikatai. Ila simjui. Nikamwambia kijana arudishe kovu langu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba anichoree ndevu.

Swali langu ni hili: lini? Sikumbuki siku niliyoanza kulipenda, hata sina hakika kama kupenda ndilo neno lenyewe. Kuna yeyote mwenye kovu la kuonekana aliyepitia hali hii? Na kama hujapitia, au hutaki kupitia, sema pia. Sitaki uzi wa kupongezana.

Bwana_Utani

Kitambulisho kisichokutambulisha. Ungefika mpakani ukaulizwa mwenye pasi yuko wapi.

Bega_Zito

Umesema tusipongezane, basi naanza mimi.

Dada, kovu lako ni mstari. Langu ni kilima. Lilianza na kipele begani, kipele hivihivi tu, nikakitumbua. Kipele kikapona, kovu likawa halijui pa kuishia. Sasa limefika ukubwa wa kiganja cha mtoto, gumu, linang'aa, na kingo zake zinatambaa. Usiku linawasha mpaka naamka nakuta nimejikuna na kona ya shuka. Mkanda wa begi ukilisugua, siku nzima imeharibika. Niliwahi kulikata kwa upasuaji. Likarudi kubwa kuliko la kwanza.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema makovu ni mazuri, makovu ni ushahidi wa ushindi, natamani nimwazime langu wiki mbili. Ushindi gani? Nilishinda kipele. Na si macho ya watu yanayonisumbua, hayo nimeyazoea. Silipendi kwa sababu halijamaliza.

Kapu_la_Hekima

Wapendwa, Wajapani wana ufundi unaitwa kintsugi. Bakuli likivunjika wanaliunga kwa utomvu wa laka na unga wa dhahabu, ule ufa wenyewe unakuwa ndilo pambo. Tujifunze hapo.

Bega_Zito

Bakuli haliwashwi.

Mama_Pacha

Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia nina nini. Samahani Kapu, umekuja na nia njema, ila huyu bwana amemaliza kesi kwa maneno mawili.

Dada_Bandeji

Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji, mwaka wa kumi na sita huu. Bega_Zito, nitakuja kwako, una haki ya kukasirika. Ila umesema neno ambalo nimelifikiria njia nzima nikirudi kazini: halijamaliza. Lako limezidi kipimo, hilo kweli. Lakini kaka yangu, hakuna kovu lililomaliza.

Ngozi ikikatika kwa kina, mwili haukurudishii ngozi ileile. Damu inaganda, seli za ulinzi zinakuja kusafisha, halafu zinakuja seli za kufuma. Zinafuma kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, na zinafuma haraka maana mlango uko wazi na vijidudu havipigi hodi. Kolajeni ya mwanzo ni nyembamba, wataalamu wanaiita aina ya 3. Baadaye inabomolewa kidogo kidogo na kuwekwa ile nene, aina ya 1. Kazi hiyo ya kubomoa na kuweka inaweza kwenda mwaka mzima na zaidi. Kwenye ngozi nzima nyuzi za kolajeni zimepishana kama jamvi lililosukwa. Kwenye kovu nyingi zimelala upande mmoja, sambamba. Ndiyo maana mwonekano wake ni tofauti. Vinyweleo havioti hapo, jasho halitoki hapo, kwa kuwa vishimo vya nywele na tezi za jasho havirudi.

Na wale wanaosema kovu lina nguvu kuliko ngozi, wanasema uongo mtamu. Baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake hufika kama asilimia 80 ya ngozi ya zamani, na hapo ndipo mwisho wake. Nimewaambia wagonjwa hilo mara nyingi na huwa wanasikitika. Mimi silioni la kusikitisha. Ni mkeka uliosukwa usiku, kwa haraka, na mtu anaukalia miaka sitini.

Sasa kuhusu kutomaliza. Mnajua kiseyeye? Ugonjwa wa kukosa vitamini C, uliomaliza mabaharia wengi zamani. Mwaka 1740 George Anson wa jeshi la majini la Uingereza aliondoka na meli kuzunguka dunia, na kiseyeye kikawapata njiani. Katika taarifa ya safari ile iliyochapishwa 1748 kuna habari za baharia mmoja aliyekuwa amejeruhiwa kwenye vita vya Boyne, Ireland. Vita vile vilipiganwa 1690. Nusu karne! Majeraha yake yalikuwa yameshafunga zamani, ameshayasahau. Kiseyeye kilipomkamata, yakafunguka tena kana kwamba hayajawahi kupona. Hata mfupa wake uliokuwa umevunjika na kuunga, ukaachia.

Sababu ni kwamba kolajeni haikai tu pale kama saruji. Inavunjwa na kufumwa upya muda wote, na bila vitamini C mwili hauwezi kuifuma sawasawa. Kwa hiyo kovu lako la miaka tisa, dada Nyuzi31, limeshikwa sasa hivi unaposoma hapa. Wakitoa nyuzi za daktari siku ya kumi, mwili unaendelea kushona peke yake mpaka mwisho wa uhai.

Ngoja nitoe chai jikoni, nitarudi kwa Bega_Zito.

Nyuzi31

Dada_Bandeji, nimesoma hiyo habari ya baharia mara tatu. Muda wote huu nimelichukua kama alama ya jambo lililopita. Kumbe bado liko kazini.

Dada_Bandeji

Nimerudi. Bega_Zito, ulichoeleza kinafanana sana na keloidi, ingawa wa kuthibitisha ni daktari akiliona kwa macho. Tofauti na kovu nene la kawaida ni kwamba kovu nene hukaa ndani ya mipaka ya jeraha lake na mara nyingi hunywea lenyewe na wakati. Keloidi huvuka mpaka, huingia kwenye ngozi ambayo haikuumia. Jina lenyewe alilitoa tabibu wa ngozi wa Ufaransa, Jean-Louis Alibert, miaka ya mwanzo ya karne ya 19, kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa. Aliona jinsi kingo zinavyojikita pembeni. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hutembea katika familia, na hupenda bega, kifua na ndewe za masikio.

Kulikata peke yake ndiyo njia inayojulikana zaidi kwa kulirudisha. Siyo kosa lako wala mwili wako si mkaidi. Kawaida hutibiwa kwa mchanganyiko: sindano za steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kwa awamu, vibandiko vya silikoni, mgandamizo, wakati mwingine kuligandisha kwa baridi kali, au kukata kisha kufuatisha mionzi. Haliondoki kama penseli inavyofutwa, ila kuwasha na kuuma mara nyingi hupungua. Tafuta daktari wa ngozi. Na usitumbue kitu kingine chochote hapo begani, tafadhali sana.

Bega_Zito

Gando la kaa. Hapo mzee Alibert alinitendea haki. Asante dada, aliyenikata hakuniambia hata moja kati ya hayo.

Mstari_Shavuni

Mimi wa shavuni. Nilikuwa na miaka saba, nikadondoka juu ya uzio wa waya. Basi. Hakuna kisu, hakuna ugomvi, kuna mtoto mjinga aliyekuwa anafukuza mpira.

Lakini nimekuwa mtu mzima wa futi sita mwenye mkwaruzo wa shavu, na kila mtu ameshaniandikia hadithi. Kwenye lifti mama wa watu anasogeza mkoba. Nikiomba kazi naulizwa kwa utani kama nina historia. Utani huo unachosha kuliko tusi. Na lawama kubwa naipa filamu: miaka mia moja wametufundisha kwamba shujaa ana ngozi laini na adui ana kovu. Uingereza kuna shirika la hisani linaitwa Changing Faces, lilianzishwa 1992 na James Partridge, aliyeungua vibaya kwenye ajali ya gari akiwa kijana wa miaka 18. Hao walipiga kelele mpaka 2018 taasisi ya filamu ya huko, BFI, ikatangaza haitatoa tena fedha zake kwa filamu ambazo kovu la uso linatumiwa kumtambulisha mtu mbaya. Siku niliposoma habari hiyo nilimpigia simu kaka yangu. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nalia kidogo pia.

Kwa hiyo mleta mada, jibu la swali lako kwa upande wangu: nililikubali zamani, tangu shule. Ninaowasubiri ni wengine.

Wiki_ya_Tano

Naomba msaada wa haraka kidogo. Nimetolewa tezi ya shingo wiki tano zilizopita. Kovu lilikuwa zuri wiki ya pili, sasa limekuwa jekundu, limeinuka, na linavuta nikimeza. Nimeshaanza kuulizia upasuaji wa kulirekebisha. Nimechelewa?

Dada_Bandeji

Hujachelewa, umewahi mno! Wekundu na uvimbe huongezeka miezi ya mwanzo, ndiyo kipindi cha ufumaji mkali nilichoeleza juu. Halafu hulainika na kupauka taratibu. Wapasuaji wengi hawagusi kovu kabla ya mwaka kwa sababu hiyohiyo. Mwonyeshe daktari wako hilo la kuvuta unapomeza, lakini mara nyingi ni kovu kushikana na tishu za chini, na kulisugua polepole kwa kidole kidonda kikishafunga kabisa husaidia. Likinge na jua, kovu jipya huchukua rangi nyeusi haraka na rangi hiyo huwa mbishi kuondoka. Silikoni nayo, ya kubandika au ya kupaka.

Na una bahati moja: mkato wa shingo hufuata mikunjo. Mwaka 1861 Karl Langer, mtaalamu wa anatomia, alitoboa maiti kwa kitu cha mviringo akakuta matundu hayabaki mviringo, yanavutika kuwa marefu, kila sehemu ya mwili kwa mwelekeo wake. Ngozi ina mikondo kama mbao. Ukikata kufuata mkondo, kovu linakuwa jembamba. Ukiukata mkondo, linapanuka. Kioo cha gari hakikusoma Langer, ndiyo maana la Nyuzi31 linakata kona.

Nyuzi31

Hahaha. Hakikusoma kabisa.

Mama_Pacha

Nilikuwa sitaki kuandika, lakini naona uzi umetulia.

Langu haliko usoni ila kwangu ni la kuonekana, kwa sababu ninalitazama kila asubuhi. Titi moja lilitolewa miaka kumi na mmoja iliyopita. Daktari alinipa uchaguzi wa kutengenezewa lingine, nikakataa. Si ujasiri, nilichoka tu kulala chali chini ya taa kubwa. Nikabaki upande mmoja tambarare, mstari mmoja mrefu unaokwenda hadi kwapani.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naoga taa imezimwa. Binti yangu, ambaye ni mtu wa kuchimbua mambo, akanionyesha picha ya zamani ya Marekani. Ilikuwa jalada la jarida la gazeti la New York Times, Agosti 1993. Mwanamke anaitwa Matuschka, mwanamitindo na msanii, alijipiga mwenyewe akiwa na gauni jeupe lililokatwa upande mmoja, na pale pasipo na titi kuna kovu, wazi, barua za wasomaji zikamiminika, wengine wakishukuru wengine wakiona ni aibu. Nikamwambia binti yangu, huyu ana shingo ndefu na gauni la fundi, mimi nina hiki kanzu cha kulalia. Akasema mama, angalia kovu, usiangalie gauni.

Nikaangalia. Na nikataka kuliona la kwangu, kulilinganisha. Nikawasha taa. Ndivyo ilivyoanza, wanangu, kwa udadisi. Nikakuta la kwangu limenyooka kuliko la yule mwanamitindo. Nilijivuna siku mbili.

Watu huniambia mimi ni shujaa. Ugonjwa ule ulichukua rafiki yangu tuliyelazwa naye kitanda kwa kitanda, na hakuwa mwoga kunizidi. Kwa hiyo neno hilo huwa nalipokea kwa adabu nikaliweka pembeni.

Kapu_la_Hekima

Shikamoo mama. Umenifunza kitu. Nafuta bakuli langu.

Mama_Pacha

Marahaba mwanangu. Bakuli liache, litatufaa kwa uji.

Mikono_Mirefu

Jina langu linajieleza, navaa mikono mirefu mwaka mzima. Makovu yangu nilijitia mwenyewe, zamani, nilipokuwa na umri wa shule. Sasa niko salama, niliongea na watu, nilipata matibabu, miaka sita sijarudi huko.

Ila kila mada kama hii ikianza huwa natoka. Nyote mna kioo, uzio, tezi, ugonjwa. Kitu kiliwajia. Mtu akiniuliza mimi "ulipatwa na nini?" sina pa kuanzia. Sijui kama na mimi nina haki ya kuyaita chochote kizuri.

Bega_Zito

Mdogo wangu, usitoke. Mimi ni kipele, na wamenivumilia.

Dada_Bandeji

Mikono_Mirefu, nikiwa kazini nikiona mkono kama wako, seli ninazoziona ni zilezile. Mwili hauulizi nani alikata ndipo uanze kufuma. Ulikuwa upande wako hata siku ambazo wewe hukuwa upande wako. Na hudaiwi maelezo na mtu yeyote kwenye foleni. "Ni ya zamani, nimepona" ni jibu kamili. Mawazo yale yakirudi, usikae nayo usiku peke yako, rudi kwa wale ulioongea nao. Najua unajua, nasema tu kama dada.

Mikono_Mirefu

Hiyo ya upande wangu nimeinakili kwenye daftari. Asanteni.

Mzee_Darubini

Nimekaa kimya nikisoma. Niwaletee historia kidogo, maana wahenga walisema macho hayana pazia, na nadhani uzi huu unazungumzia macho kama unavyozungumzia ngozi.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta wanaume wengi waliopasuliwa nyuso kwa vipande vya mizinga. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alisimamia hospitali maalumu huko Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917. Walitibiwa pale zaidi ya watu 5,000. Upandikizaji wa ngozi tunaoujua leo ulikuzwa sana pale. Lakini vioo vilipigwa marufuku kwenye wadi, na kando ya barabara ya kwenda mjini baadhi ya viti vya kupumzikia vilipakwa rangi ya bluu. Kiti cha bluu maana yake: anayekaa hapa anaweza kukushtua, jiandae au geuza macho.

Vita ya Pili ikaja, mara hii ni marubani walioungua uso na mikono. Binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, naye wa New Zealand, aliwatibu mji wa East Grinstead. Aligundua kuwa waliodondoka baharini wanapona vizuri zaidi, akaanza kuwaogesha maji ya chumvi. Lakini kitu alichofanya zaidi ya hapo ni kukataa kuwaficha. Aliwaruhusu wavae sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa, akawatoa mjini, na akaenda kwa wenyeji akazungumza nao: hawa watakuja, waangalieni machoni, wakaribisheni. Wenyeji wakawakaribisha majumbani. Wagonjwa wenyewe wakaunda chama 1941, wakakiita Guinea Pig Club, yaani chama cha simbilisi, wale wanyama wa majaribio ya maabara. Vita vilipokwisha walikuwa 649. Mji ule ukapata jina: mji usiokodoa macho.

Ndugu wawili, taaluma ileile. Mmoja mjini kwake waliandaa viti, mwingine waliandaa watu.

Mstari_Shavuni

Mzee, nisaidie kidogo. Nimekaa upande wa viti vya bluu nikaviwazia. Huenda kuna askari aliyeona afadhali. Kukaa mahali ambapo hakuna atakayekujia ghafla na uso wa mshtuko. Siku nyingine mtu unataka kupumzika tu.

Mzee_Darubini

Huenda. Sikuwahi kukaa kwenye kile kiti, kwa hiyo hilo nakuachia wewe.

Nyuzi31

Mimi nilikikalia. Ule ukuta wa kushoto kwangu ndio ulikuwa kiti changu cha bluu, na nilijipakia rangi mwenyewe. Na Mstari_Shavuni yuko sawa, kulikuwa na raha yake. Hakuna aliyenishtukia kwa miaka minne.

Halafu nadhani nimeanza kupata jibu la ile "lini" yangu. Kuna mahali nilihamishiwa kazi, meza yangu ikawekwa katikati ya ukumbi, hakuna ukuta upande wowote. Wiki ya kwanza nilikuwa najishika taya mpaka kidole kikaacha alama. Kisha yule wa meza ya kushoto, mtu wa hesabu, asiye na maneno mengi, siku moja akaniambia: "Ukiwa unakaribia kukasirika kovu lako linakuwa jeupe. Huwa naondoka kwenda kuchukua maji." Hakusema ni zuri. Hakusema pole. Alikuwa ameliangalia muda mrefu kiasi cha kulisoma. Nilikwenda kwenye kioo nikajaribu kukasirika ili nilione likigeuka, nikashindwa maana nilikuwa nacheka.

Bwana_Utani

Yule kijana wa studio aliliona likiwa jeupe kiasi gani?

Nyuzi31

Kama chaki.

Bega_Zito

Wakuu, narudi baada ya wiki kadhaa, kama uzi bado uko hai.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Ni keloidi. Nimechomwa sindano ya pili juzi, na zinauma, Dada_Bandeji hukusema zinauma hivi. Ukubwa ni uleule kwa macho yangu. Lakini usiku wa juzi nililala mfululizo mpaka asubuhi, nikaamka nikiwa na hofu kwamba nimechelewa jambo, kumbe ni usingizi tu.

Msitegemee niseme ni zuri. Ila mmenifanya nikumbuke kitu ambacho sikukiandika siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira. Mwanangu wa miaka mitatu nikimbeba mgongoni hupitisha mkono akalishika hilo gando, kwa nguvu zote. Nikimwekea mkono bega la pili, anaurudisha palepale. Linaniuma na ninapiga kelele, yeye anadhani ni mchezo. Ndipo panaposhikika, bega lingine linateleza.

Mama_Pacha

Mpunguzie kidogo kidogo, akizoea atakosa kishikio ukipona.

Nyuzi31 (mleta mada)

Mrejesho. Nilirudi studio kwa yule kijana. Alikuwa ameshafuta faili, ikabidi anipige upya, na safari hii aliniuliza kabla ya kugusa chochote: "Nisafishe au niache?" Nikamwambia aache. Akasogeza taa ili upande wa kushoto usizame kivulini, mwenyewe, bila kuambiwa.

Nimezipokea leo. Kovu limetoka safi, unaona hadi pale linapokata kona. Macho nimefumba yote mawili. Nitarudi tena kesho.